Nilivyoshusha nyuzi za gitaa la Baba Somoe kabla jembe halijafika shambani kwake

Wakuu, habari za humu ndani.

Kwa umri wangu karibu kila anayesoma hapa angeniamkia, kwa hiyo naitikia kabisa: marahaba. Wale wachache mnaonizidi, shikamooni.

Juzi kijana mmoja aliweka mada humu kwamba gitaa lake linamuumiza vidole kwa sababu nyuzi ziko juu mno. Wengi walimjibu anunue jingine. Nilisoma majibu yote, nikaona niandike yangu.

Ninayoandika niliyafanya kwa mikono yangu. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki, na pale nisipojua sababu nitasema sijui. Mtanisamehe kwa urefu, nachapa kwa kidole kimoja.

Twende taratibu.

Ilikuwa zama za Mwingereza, miaka ya mwisho mwisho. Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli pale Newala. Nilikuwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja, Roza, ndiyo maana watu wote mtakaowasikia hapa wananiita Baba Roza.

Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilinunua baiskeli mbovu, nikaifungua yote, nikapanga vipande chini kwa mfuatano niliovitoa, nikairudisha. Ilipokataa kwenda nikaifungua tena. Hiyo ndiyo shule yangu.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kunyoosha magurudumu. Gurudumu lililopinda hulinyooshi kwa nyundo. Unakaza spoku hapa kidogo, unalegeza kule kidogo, unalizungusha, unaangalia. Spoku ukiigonga kwa kucha inalia, na mlio wake unakwambia imekazwa kiasi gani. Sikio langu lilizoea kazi hiyo kabla sijashika gitaa hata siku moja.

Sasa nirudi kwenye mada.

Siku moja, kiangazi kikielekea ukingoni na mabibo yameanza kuiva, alikuja mama mmoja kutoka Kitangari. Alikuwa amebeba kitu kirefu kichwani kimefungwa kwa kanga. Nilimfahamu, ni Mama Somoe, mke wa Bakari mpiga gitaa.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba Baba Roza. Roza hajambo?"

"Hajambo."

Akatua mzigo, akafungua kanga. Ndani mlikuwa na gitaa la mumewe.

"Baba Somoe kakataa kuja," akasema. "Kakaa ndani, anasema gitaa limekufa. Mimi nikamwambia mtu anayenyoosha magurudumu yaliyopinda yupo, na hili nalo limepinda. Haya, linyooshe."

Nikamwambia mama, mimi ni fundi baiskeli.

"Kwani hii si waya na mbao? Wewe huogopi waya wala chuma, utaogopa mbao?"

Ngoja niwaeleze kwa nini mama yule alitembea na gitaa kichwani kutoka Kitangari hadi Newala, ili muelewe uzito wa jambo lenyewe.

Bakari alifanya kazi miaka kadhaa kwenye mashamba ya mkonge upande wa Lindi. Mashine ilimuumiza mkono wa kushoto. Vidole viwili vya mwisho vilikakamaa, havikunjiki. Alirudi nyumbani na gitaa, na mkono usioweza kushika jembe siku nzima.

Kule kwetu uwandani, juu mlimani, kabla ya mvua, watu walikuwa wanalima kwa zamu. Mnajikusanya kundi, leo mnalima kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka mnamaliza mashamba ya wote. Mwenye shamba anatoa chakula na maji. Na maji ya Newala enzi hizo si ya mchezo, wanawake waliteremka bondeni na kupanda nayo kichwani.

Asiyelima kwa wenzake, kwake hakulimwi. Hakuna maneno mengi hapo.

Bakari kundi lilimkubali kwa gitaa lake. Alikaa kwenye kivuli pembeni mwa shamba, anapiga, na majembe yanakwenda kwa mdundo wake. Watu walilima sana walipomsikia, na siku aliyokosekana walichoka mapema. Kwa hiyo gitaa lilihesabiwa kama jembe. Shamba la Bakari nalo likalimwa kila mwaka kama mashamba ya wengine.

Mmoja tu ndiye hakuupenda mpango huo. Aliitwa Lipande, mlimaji hodari, mrefu, mwenye mdomo. Yeye alikuwa akisema, "Hilo jembe la Bakari halina makali. Tangu lini limekata gugu?" Watu wakicheka naye anacheka, lakini alikuwa anamaanisha.

Mwaka huo nyuzi za gitaa zikapanda. Zilipanda kiasi kwamba Bakari, mwenye vidole viwili tu vya kukandamiza na gumba la kushikia, hakuweza kuzifikisha chini. Akijaribu vinatoka damu. Shamba moja alipiga nusu, la pili hakupiga kabisa. Lipande akasimama mbele ya kundi akasema kwamba asiyelima na asiyepiga, basi hakuja.

Na hakuna aliyembishia, maana kwa hilo alikuwa anasema kweli.

Zamu iliyobaki ilikuwa hivi: mashamba machache ya watu wengine, halafu la Lipande, halafu la Bakari la mwisho. Bakari asipopiga, shamba lake lingebaki pori, mvua inyeshe juu ya majani. Watoto wanne, Mama Somoe peke yake na jembe.

Hicho ndicho alichokibeba kichwani, wakuu. Gitaa lilikuwa kifungashio tu.

Nikamwambia aliache, na amwambie mumewe aje mwenyewe. Siwezi kutengeneza kiatu bila kuuona mguu.

Bakari alikuja kesho yake. Alikuwa mtu mkimya, mwenye aibu ya mtu aliyezoea kusifiwa.

Kabla hajafika nilikuwa nimelikagua gitaa bila kufungua chochote. Huo ndio utaratibu wangu mpaka leo. Unaangalia kwanza, unapima, mkono unakuja mwisho.

Kipimo changu kilikuwa spoku. Vijana, mnajua spoku ya kawaida ya baiskeli ina unene wa karibu milimita mbili. Niliilaza juu ya shingo ya gitaa, pale shingo inapokutana na tumbo, nikaona kama uzi unaigusa. Haukuigusa. Nikaweka ya pili juu yake. Bado. Ya tatu ndiyo iliyogusa uzi. Yaani mtu anatakiwa kuusukuma uzi kina cha spoku karibu tatu ndipo ufike kwenye kichuma cha shingoni, kimoja cha vile vilivyolazwa kukatiza shingo.

Halafu nikaliinua hadi jichoni, nikatazama shingo kwa urefu kama mtu anayetazama ubao kama umenyooka. Shingo yenyewe haikupinda. Kilichotokea ni kwamba yote imeinamia mbele. Pale kisiginoni, mahali shingo ilipogundishwa kwenye tumbo, kulikuwa na ufa. Wembe uliingia. Na rangi ya mbao upande ule ilikuwa imefanya malengelenge, ukinusa unasikia moshi.

Bakari alipofika nikamuuliza, "Baba Somoe, hili gitaa limekaa karibu na moto?"

"Halijakaa. Nalipasha tu."

"Unalipasha?"

"Asubuhi kukiwa na ukungu sauti inakuwa nzito. Wapiga ngoma wanawasha moto, wanapasha ngoma zao. Wakaniambia lete na lako lipate moto kidogo. Likawa linalia vizuri. Kila shamba nikawa nalipasha kwanza."

Hapo nikaelewa yote.

Nyinyi mliokua na ngoma mnajua. Ngoma ya ngozi ikilegea kwa unyevu unaisogeza kwenye moto, ngozi inakaza, inalia. Kwetu hilo mtoto analijua kabla ya kujua kuvaa. Na Bakari hakukosea kwamba sauti ilipona, mbao ikikauka inalia kweli. Ila ngoma yetu ni gogo moja lililochimbwa, haina gundi. Gitaa limeshikwa na gundi kila kona, na gundi ya zamani ile ya kuchemsha ikipata joto inalainika. Nyuzi zinavuta usiku na mchana. Gundi ikilainika kidogo, shingo inasogea kidogo. Kesho tena kidogo. Ndivyo nyuzi zinavyopanda bila mtu kuona siku zilipopanda.

Nikamweleza. Akagusa kisigino cha gitaa kwa kidole.

"Kumbe nimelibanika mwenyewe," akasema.

"Umelipasha kama ulivyofundishwa kupasha. Kaa hapo tulifungue."

Sasa wenye magitaa naomba mnisome kwa makini hapa.

Kitu cha kwanza nililegeza nyuzi zote, kidogo kidogo kwa zamu, nikienda huku na huku kama ninavyolegeza spoku. Hufungui upande mmoja wote ukaacha mwingine unavuta.

Pili, nilichemsha gundi ya seremala. Nikaichota kwa kisu chembamba, nikaipenyeza kwenye ufa wa kisigino mpaka ikatokeza upande wa pili. Nikaisukuma shingo nyuma kwa mkono hadi ufa ukafunga.

Tatu ni kubana. Maseremala wana vyuma vyao vya kubania, mimi sikuwa navyo. Nilikuwa na tyubu kuukuu za baiskeli. Nilizichana vipande virefu, nikazivuta kwa nguvu zote na kulizungushia gitaa kuanzia kisigino hadi nyuma ya tumbo, mzunguko juu ya mzunguko. Mpira ukivutwa hauchoki kukaza, na hauumizi mbao. Bado nasema hakuna kibanio kizuri kuliko tyubu, na mnaobisha njooni mbishe kwa hoja.

Wakati limefungwa hivyo, limening'inia kibandani kama mgonjwa aliyefungwa bandeji, nani apite kama si Lipande, anasukuma baiskeli yenye pancha.

Akalitazama.

"Baba Roza, siku hizi unaziba na pancha za magitaa?"

"Nikiletewa."

"Litapona?"

"Litapona."

"Likipona liwahi. Mimi shamba langu halisubiri mgonjwa." Kisha akamgeukia Bakari, ambaye alikuwa amekaa pale pale. "Sikiliza Baba Somoe, sina ugomvi na wewe. Siku ya kwangu uje. Ukipiga tangu jembe la kwanza linapoingia mpaka la mwisho linapotoka, nakuhesabu. Ukinyamaza kwa sababu ya vidole, usitegemee nikuhesabu."

"Nitakuja," akasema Bakari.

"Na usije na mkwaruzo. Mimi nilime kwa mkwaruzo?"

Nikaziba pancha yake. Nikamwambia tu tairi la nyuma limechoka.

Gundi ilipokauka nikafunga nyuzi. Zilishuka sana. Spoku moja na nusu hivi. Bakari akashika, akapiga kidogo, akakunja uso.

"Imepungua. Lakini bado huku juu," akanionyesha karibu na kichwa cha gitaa, "inakata."

Mimi sikuwa najua urefu sahihi ni upi. Hilo nalikiri bila shida, sikuwahi kupima gitaa zima. Kwa hiyo nilipokwenda Masasi kufuata spoku na dawa ya kubandikia tyubu, nikapita Lisekese kwa fundi cherehani mmoja aliyekuwa na gitaa linalosifiwa. Nilisafiri na spoku moja mfukoni. Nilimwomba anilazie gitaa lake mezani, akaona ajabu lakini akakubali.

Spoku moja kamili, uzi mwembamba unaigusa juu kwa juu. Uzi mnene umepita kidogo. Nikaandika kichwani, nikashukuru, nikapanda baiskeli.

Ile milima ya kurudi uwandani kwa baiskeli yenye mzigo siitaki tena, ila siku ile sikuihisi.

Nilichofanya niliporudi ndicho karibu kila mtu anachofanya. Chini kwenye tumbo la gitaa kuna daraja, na juu ya daraja kuna kipande chembamba kilichosimama ambacho nyuzi zinakilalia. Tulikiita ulimi. Ukipunguza ulimi, nyuzi zinashuka. Nilikitoa, nikalaza msasa juu ya kioo ili uwe tambarare, nikasugua upande wa chini tu, narudisha, napima, natoa tena. Nikafika spoku moja kama la Lisekese.

Bakari akakaa kwenye benchi la kibanda akapiga taratibu. Likalia kama maji. Alitabasamu, mara ya kwanza tangu aje.

Nikamwambia, "Sasa toka nje, simama pale kwenye mkorosho, upige kama unavyopiga shambani."

Akatoka. Akapiga kama anavyopiga watu wakiwa na majembe. Gitaa likaanza kukereza, zzz, kila uzi mnene unapigwa unagonga vichuma vya shingoni.

Mkwaruzo ule ule ambao Lipande hautaki.

Hapa ndipo nilipotulia na kufikiri, na hapa ndipo ninapojivunia mpaka leo, sifichi.

Fundi wa Lisekese anapiga ndani ya nyumba, wageni wamekaa mkekani. Mkono wake wa kulia ni mwepesi. Bakari anapiga kwenye uwazi, sauti ipite juu ya majembe na maneno ya watu. Mkono wake wa kulia ni mzito, na uzi ukipigwa kwa nguvu unatikisika kwa upana, unahitaji nafasi. Mkono wake wa kushoto ni dhaifu, unahitaji uzi uwe karibu. Mkono mmoja unaomba juu, mwingine unaomba chini. Kipimo cha mtu mwingine hakimfai mtu huyu.

Nikamuuliza, "Kabla ya moto, palikuwa panauma wapi?"

"Hapa hapa karibu na kichwa. Nilizoea tu."

Kumbe magonjwa yalikuwa mawili, na moto ulikuwa mmoja tu.

Nikaenda upande wa pili wa gitaa. Kule kichwani, mahali nyuzi zinapotoka kwenye vifungo kuingia shingoni, kuna kizingiti kidogo chenye mifereji, kila uzi na mfereji wake. Nikakandamiza uzi kwenye kichuma cha tatu, nikatazama unapita vipi juu ya kichuma cha kwanza. Unatakiwa karibu uguse, nafasi ya karatasi. Wake ilikuwa nafasi ya kucha nzima.

Nikaangalia nyuzi zenyewe. Nyuzi za dukani zilikuwa zimemwishia zamani. Alikuwa amefunga waya za breki, amezichambua kutoka kwenye waya mzima wa baiskeli. Wengi tulifanya hivyo. Sasa waya hizo zilikuwa nene kuliko mifereji, kwa hiyo hazikuzama, zilikaa juu ya mifereji kama mtu aliyekaa kwenye ukingo wa kiti. Kila anapokandamiza karibu na kichwa, anapambana na kizingiti. Na nyimbo zake zote za kulimia zilichezwa pale karibu na kichwa.

Kwa hiyo niliamua hivi: darajani nimrudishie urefu, kichwani nimpunguzie.

Ulimi wa kwanza nilikuwa nimeshaupunguza, mbao hairudi. Nilipata kipande cha mpingo kwa mchongaji mmoja, vile vipande wanavyotupa, nikachonga ulimi mpya. Mpingo ni mgumu, tupa inalia juu yake kama inagusa chuma. Niliufanya mrefu kidogo kuliko wa kwanza, upande wa nyuzi nene nikauinua zaidi ya upande wa nyuzi nyembamba.

Kwenye kizingiti sikuwa na tupa nyembamba ya kutosha. Nikatumia waya wa breki wenyewe, ule uliosokotwa. Ukiuvuta mbele na nyuma ndani ya mfereji unakata taratibu, na unakata kwa unene ule ule unaoutaka. Kuvuta kidogo, kufunga uzi, kukandamiza kichuma cha tatu, kutazama. Kufungua, kuvuta kidogo. Uzi baada ya uzi.

Hapa hakuna haraka, wakuu. Mfereji ukizama mno umeharibu kizingiti, unaanza upya. Mama Somoe alikuja na chakula akatuona tumeinamia kichwa cha gitaa kimya.

"Mnatafuta chawa?" akauliza.

Bakari alicheka mpaka akasogea pembeni asinitikise mkono.

Tulipomaliza akashika. Akaweka vidole vyake viwili pale karibu na kichwa, mahali palipokuwa panakata. Akakandamiza. Akanitazama, akakandamiza tena kama mtu asiyeamini mlango umefunguka bila kusukumwa.

Kisha akatoka nje hadi kwenye mkorosho bila kuambiwa, akapiga kwa nguvu.

Hakuna mkwaruzo.

Watu wa sokoni wakageuka. Mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo akasema, "Eh, Baba Somoe karudi." Mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye sanduku la vyombo, maana uso wangu ulikuwa hauna adabu kwa furaha.

Nikampa sharti moja tu. Asubuhi ya ukungu alifunge kwenye kanga kavu, alitoe jua likichomoza. Moto ni wa ngoma.

Siku ya shamba la Lipande nilifunga kibanda nikaenda Kitangari. Sikuwa mwanakundi. Nilisema nakwenda kuangalia tairi lake la nyuma. Hakuna aliyeniamini.

Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa kusini. Watu walijipanga mstari, Lipande katikati. Bakari akakaa kwenye kivuli, gitaa gotini. Jembe la kwanza lilipoingia ardhini, naye akaanza.

Mwanzoni nilikuwa natazama mkono wake wa kushoto tu. Nilikuwa nasubiri aupunge, au anyonye kidole kama walivyosema alikuwa anafanya. Jua likapanda. Akabadilisha wimbo, mkono haukusimama. Wanawake waliokuja na maji wakaanza kuitikia. Mstari ukasonga.

Lipande mwenyewe alikuwa anajaribu kulima nje ya mdundo, nilimwona. Anapiga jembe pale wengine wameinua. Lakini ukiwa katikati ya watu wanaokwenda pamoja huwezi, utagongana nao. Akarudi kwenye mdundo.

Waliposimama kula, Bakari alipiga polepole, hakuacha. Mtu akamletea ugali, Mama Somoe akamlisha kwa mkono wake tonge kwa tonge, watu wakawatania.

"Leo umeolewa wewe, Baba Somoe."

"Ndiyo," akajibu, "na mahari amelipa Baba Roza."

Waliendelea. Jua lilipoanza kuegemea, walikuwa wamefika mpaka wa shamba. Mwaka uliotangulia shamba hilo hilo liliwabakia kipande cha kurudia asubuhi yake. Sasa hakikubaki.

Jembe la mwisho likatoka. Bakari akaweka kiganja juu ya nyuzi, zikanyamaza.

Lipande alisimama akiwa ameegemea mpini, anajifuta jasho, anaangalia shamba lake lote lililogeuzwa. Sisi sote tulikuwa tunamsubiri, hata waliojifanya wanakusanya vibuyu. Akatembea hadi kwenye kivuli. Akaomba kuona mkono wa kushoto wa Bakari. Akaugeuza. Vidole vilikuwa na alama za nyuzi, basi. Hapakuwa na damu.

Akauachia.

"Kesho kwako," akasema, "upande wenye majani magumu ni upi?"

"Kule bondeni."

"Basi kule nianze mimi. Wengine wasiniingilie."

Akachukua jembe lake akaenda nyumbani.

Kesho yake sikuwepo, nilikuwa na kazi Newala. Lakini mvua zilipokwisha kushika nilipita Kitangari kwa baiskeli na njia ilinipitisha kwenye shamba la Baba Somoe. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni, mihogo imeshika majani, hadi kule bondeni hakuna pori. Nilishuka kwenye baiskeli bila kuwa na shughuli yoyote, nikasimama nikaliangalia mpaka nikatosheka.

Nimetengeneza vitu vingi tangu hapo, vingine vikubwa. Sijawahi kutengeneza kingine nikaona mazao yake yamesimama shambani.

Nilichojifunza nakiacha hapa kwa ajili ya yule kijana na wenzake.

Gitaa likikuumiza, usikimbilie kusugua darajani. Uliza kwanza nyuzi zimepandia wapi. Inaweza kuwa shingo imesogea kwa joto, inaweza kuwa darajani, na mara nyingi kuliko mnavyodhani ni kule kichwani. Pima kabla ya kukata, kata kidogo, pima tena, maana ulichosugua hukirudishi. Na usichukue kipimo cha gitaa la jirani ukakiamini kama kilivyo. Tazama kwanza mikono ya anayepiga, yote miwili, na mahali anapopigia.

Kijana mwenye mada ile, kama unanisoma: kandamiza uzi kwenye kichuma cha tatu, tazama nafasi iliyobaki juu ya kile cha kwanza, halafu uje uandike hapa umeona nini. Usishike tupa kabla sijakujibu.

Na wengine mliotengeneza magitaa, marimba au chochote chenye kamba, hasa watu wa Newala, Masasi na Chiwata, karibuni. Mnaojua njia bora kuliko tyubu, naomba mniambie, bado najifunza.